Mjomba, Salfa na Shaka

Hebu msomaji niambie: umejuaje kwamba dunia ni mviringo? Uliambiwa shuleni, ukaamini, ukafaulu mtihani. Mimi pia. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita elimu ni maneno ya watu tuliowaamini.

Kwetu Newala swali hili si mchezo wa wasomi. Ni la mikorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilibaki kama 16,500 tu. Kulikoni? Wataalamu wa Naliendele, kule Mtwara, wanataja ubwiriunga, ule unga mweupe unaonyausha maua. Dawa yake salfa, ipuliziwe maua yanapoanza kutoka. Mjomba wangu hataki kusikia. Anasema watu walihamishiwa vijijini miaka ya 1970, wakaiacha mikorosho yao porini, basi. "Waliotuambia tuhame ndio haohao wanaotuambia tupulize."

Vijana ninaobishana nao kijiweni Masasi humcheka, eti mzee mshamba. Mimi sicheki. Descartes, yule Mfaransa, alichapisha kitabu mwaka 1641 akitilia shaka kila kitu, hata mikono yake mwenyewe. Lakini shaka ile haikumgharimu gunia hata moja! Ya mjomba imezaliwa na kuhamishwa. Tena nusu ya haki anayo: waliochunguza anguko lile hutaja ugonjwa, kuhamishwa watu na bei duni, vyote pamoja. Hata salfa yenyewe huongeza asidi kwenye udongo wetu wa kichanga.

Ila hapo ndipo tunapoachana. Aliyekukosea jana anaweza kusema kweli leo. Msemaji ni jambo moja, ubwiriunga ni jingine. Na hiyo habari ya asidi tumeipata kwa nani? Kwa watafiti, watu walewale asiowaamini. Mtu anayetaja ubaya wa dawa anayoisifu, huyo mimi namsogelea nimsikilize vizuri.

Nimemwomba mistari miwili ya shamba niipulizie, mingine ibaki anavyotaka. Amekubali kwa sharti kwamba korosho zihesabiwe mbele yake, siyo kwenye daftari langu. Juzi kaja na jipya: upepo wa huku juu utavusha salfa mpaka kwenye mistari yake, sasa tutajuaje ni ipi iliyopuliziwa?

Swali zuri hilo. Nimechagua mistari mingine, ya mbali kabisa, kule kwenye mwembe.