Skrubu Iliyovunjika Haitolewi kwa Nguvu

Andiko: Wagalatia 6:1



Katika andiko letu, Paulo anawaagiza waumini waliokomaa wamrudishe mwenzao aliyeanguka, tena taratibu. Neno la Kigiriki alilotumia ndilo lile la Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana walipokuwa wakitengeneza nyavu. Sisi watu wa pwani tunaelewa: wavu ukichanika hautupwi.

Leo tujifunze kwa fundi wa saa. Sisemi hizi za betri, nasema zile za zamani za kutia ufunguo. Wazee wengi hapa Kiembeni bado wanazo kabatini. Ndani mna skrubu ndogo sana, nyingine unene wake haufiki milimita moja. Na hewa yetu hii ya chumvi, kutu ikishaingia, skrubu inagandana na bamba la shaba.

Nilipeleka saa moja mjini kwa fundi mzee, nikakaa kumtazama. Hakuanza kwa kuzungusha. Kwanza alinoa bisibisi kwenye kinoo mpaka ncha ikajaa sawasawa kwenye mfuo wa skrubu. Bisibisi nyembamba, aliniambia, huteleza na kula kingo za mfuo, na hapo skrubu haishikiki tena. Kisha akatia tone la mafuta, akaifunika. "Rudi kesho, mwanangu."

Sikiza na hili. Ziko skrubu zinazofunguka kwa kugeuzwa kulia, kinyume na tulivyozoea. Mara nyingi hukaa kwenye gurudumu lililo karibu na kifundo cha kutilia ufunguo. Watengenezaji wengine huzichora mistari mitatu kichwani, iwe onyo. Asiyejua hukaza akidhani anafungua, mpaka kichwa kinakatika.

Wapendwa, Jumapili iliyopita ndugu mmoja alirudi ibadani baada ya miezi mingi. Pombe ilikuwa imemshika. Simtaji, na naomba usiniulize ni nani. Alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Kabla sadaka haijapita, watu watatu walikuwa wameshamuuliza alikuwa wapi, na mmoja akamwambia asimame mbele atubu, kanisa zima lisikie. Aliondoka kabla ya Neno. Hakuna aliyemchukia. Lakini tulikuwa tunakaza, tukidhani tunafungua.

Sasa utasema, "Pasta, huyo ameshavunjika kabisa." Mimi nimesomea biashara. Darasani tulifundishwa kwamba gharama ya kutengeneza ikizidi thamani ya kitu, kifute vitabuni, nunua kingine. Kwa mashine, sawa. Kwa mtu aliyenunuliwa kwa damu ya Yesu, hesabu hiyo haipo.

Hata skrubu iliyokatikia ndani ina dawa. Dawa yenyewe ni shabu, yale mawe meupe ambayo kina mama walisafishia maji ya kisima, na kinyozi hupaka kidevuni. Fundi huiyeyusha kwenye maji ya moto, akatumbukiza bamba. Shabu hula chuma polepole, siku moja au mbili, mpaka kile kipande kinakuwa unga mweusi. Shaba inabaki. Haleluya! Kilichogandana kinaisha, bamba linapona. Ndivyo Mungu anavyofanya: anaiondoa dhambi, mtu anabaki.

Lakini kabla ya kutumbukiza, fundi hutoa kila kipande kingine cha chuma kilichomo, la sivyo nacho kitaliwa. Ndiyo maana katika Mathayo 18:15 Bwana Yesu anaanzia faraghani, wewe na ndugu yako peke yenu. Jambo la mtu ukilimwaga mbele ya wote, unamla na mkewe, na watoto wake, ambao hawakukosa lolote.

Hebu tufanye hivi. Kabla ya Jumapili, kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyeacha kuja. Nenda peke yako. Usianze na "Ulikuwa wapi?" Msalimie, kaa naye, kunywa chai yake, omba naye akikubali. Asipofunguka siku hiyo, usikaze. Acha tone la mafuta, kesho rudi.

Na yule ndugu akija tena kukaa kiti cha mwisho, mpishe akae, umpe mkono, umwache alisikie Neno.

Mungu atupe mikono myepesi. Amina.