Albamu ya Harusi ni ya Nani?

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Konyo Konyo hubishana juu ya mpira mpaka usiku. Siku hizi ubishi umehamia kwa wapiga picha wa harusi. Swali lenyewe ni hili: ukimlipa mpiga picha mwenye jina kubwa, nani anachagua picha zinazoingia kwenye albamu? Ni yeye au ni wewe? Kuna watakaosema hilo ni swali la watu wenye pesa. Mimi nililelewa Kakuma kabla ya kurudi Juba, na naliona kama swali la haki.

Upande wa kwanza unasema, mwachie fundi kazi yake. Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa humshikii mkasi. Mpiga picha huyu amepiga mamia ya picha siku hiyo, anajua ipi ina mwanga na ipi imetulia. Ukiacha kila shangazi achague, albamu itajaa watu waliosimama mstari mmoja, wamekaza uso kama wanangojea chakula cha mgao. Tena jina lake ndilo liko hatarini. Mtu akiona albamu mbovu hataulizia shangazi, ataulizia nani alipiga.

Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Lakini sikilizeni yaliyompata dada mmoja wa kikundi chetu. Aliolewa hapa mjini na wakamlipa mpiga picha anayesifiwa sana. Albamu ilikuja, na kusema kweli ilipendeza: gauni, pete, viatu, keki, maua. Ila mjomba wake, ndugu wa mama yake, hakuwemo hata ukurasa mmoja. Alipouliza akaambiwa picha za mzee zilikuwa na kivuli, zikafutwa.

Kwa Wadinka, kwa Wanuer, na kwa wengine wengi hapa kwetu, mjomba si mgeni wa kuja kula na kuondoka. Kuna ng'ombe wa mahari ambao ni haki yake. Harusi bila yeye ni kama barua ya ofisi bila muhuri. Sasa mama wa dada huyu yuko kambini Uganda, hakuweza kuja. Alitumiwa albamu kwa simu, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka yangu alikataa kuja?" Ilibidi watafute kwa wageni mpaka ikapatikana picha moja iliyopigwa kwa simu, nusu uso, imetikisika. Wakaisafisha kwenye kibanda hapa sokoni wakaibandika. Kwa jicho la fundi ile ni takataka, lakini kwa mama ndiyo picha iliyomwambia undugu bado upo.

Huyo fundi hakukosea kuhusu kivuli. Alikosea kudhani kwamba kazi ya albamu ni uzuri peke yake. Familia nyingi za Juba zilikimbia Desemba 2013 na tena Julai 2016, na ukikimbia unabeba mtoto, hubebi albamu. Tangu hapo picha ya harusi kwetu imekuwa njia ya kuhesabu nani bado yupo na nani anasimama na nani.

Je, mteja akishiriki, sanaa inakufa? Mwangalieni Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Wateja walitazama picha za mfano wakachagua wakae vipi. Alikuwa na suti, saa na redio za kuwaazima wapendeze. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alipiga picha moja tu, na ilibidi waelewane kabla hajabonyeza. Leo picha hizo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Mwaka 1991 baadhi zilionyeshwa New York bila hata jina lake. Kwa hiyo kufutwa kunaweza kumpata mpiga picha pia, si mteja peke yake.

Sheria nazo hazikubaliani. Kenya, sheria ya hakimiliki ya 2001 inasema kazi uliyoagiza ni yako wewe uliyeagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Uingereza, sheria ya 1988 inampa mpiga picha hakimiliki, lakini mtu aliyeagiza picha kwa mambo ya nyumbani kwake ana haki ya kukataa zisionyeshwe hadharani. Na kule pwani, Mombasa na Lamu, akina mama hawangojei sheria. Kwenye sherehe nyingi za wanawake mpiga picha ni mwanamke, na wageni hukatazwa kutoa simu.

Lakini wanaosema "mteja ndiye bosi" nao wana shida moja. Mteja ni nani? Mara nyingi anayelipa ni ndugu aliye ng'ambo, na yeye ndiye anaagiza: mke mkubwa atolewe, shangazi maskini atolewe, shemeji wa kabila lile asionekane. Hapo mpiga picha aliyempiga yule shangazi kwa heshima ndiye anamtetea, na familia ndiyo inamfuta. Kwa hiyo kumpa mteja kila kitu hakuleti haki. Jeuri inahama tu kutoka kwa fundi kwenda kwa mwenye pesa.

Mimi nasema hivi. Jinsi ya kupiga na jinsi ya kupanga kurasa, tumwachie fundi, ndiyo elimu yake. Nani awemo, hiyo ni ya bibi na bwana harusi, si ya fundi wala ya mwenye pesa. Na haki ya kutoa mtu iwe ndogo kuliko haki ya kuingiza. Unaweza kuomba uso wako utolewe. Uso wa mwenzako usiuguse.

Ndugu zetu wa mashirika wanaosoma hapa, na nyinyi mfikirie kidogo. Kwenye ripoti na mabango sisi hatuchagui. Tunapigwa tukiwa tumeshika jeri, tumepanga foleni, na anayechagua yuko ofisini mbali. Albamu ya harusi ni kitabu kimoja ambacho mkimbizi anakilipia mwenyewe na anaweza kusema, weka huyu. Ndiyo maana kijana wetu akikasirika kwa ajili ya picha ya mjomba, msimwone ana mambo madogo.

Kikundi chetu sasa kinawashauri wanaooana mambo matatu, na hakuna hata moja linaloongeza bei. Andikeni majina kumi ya watu ambao lazima wawemo, na mtoe mtu wa familia wa kumwonyesha mpiga picha nani ni nani. Mpatane kwamba hafuti chochote kabla nyinyi wawili hamjaona. Halafu mchukue picha zote kwenye flashi, hata zile zenye kivuli, na nakala moja ikae kwa ndugu aliye nchi nyingine.