Hakuna Aliyemwambia Avue Viatu

Tumchukue mlinzi mmoja wa usiku katika ghala la Dar es Salaam, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Buti anazovaa jioni na kuvua asubuhi ni jozi moja tu, na masika yakiingia hazikauki mpaka mvua ziishe. Miguu ikaanza kunuka. Nyayo zikawa nyeupe, zikatoboka vishimo vidogo vidogo kisiginoni na chini ya vidole. Baadaye ngozi ikakauka, ikawa inapukutika unga kwenye mistari ya unyayo, na kati ya vidole ikachanika.

Kwetu viatu huvuliwa mlangoni. Akaacha kwenda msikitini, akawa anaswali chumbani peke yake. Kwenye msiba wa mjomba wake wenzake walikaa mkekani. Yeye alibaki nje, akisema anaangalia viatu vya watu. Mkewe alimsihi, "Baba watoto, nenda hospitali." Akajibu kwamba haendi kumsumbua daktari kwa sababu ya harufu.

Jibu hilo ndilo lililomponza. Jasho lenyewe halinuki. Nyayo zina tezi nyingi mno za jasho, na zikifungiwa ndani ya buti, bakteria wa juu ya ngozi huvunjavunja jasho na ngozi iliyokufa, wakatoa asidi na gesi zenye salfa. Vile vishimo ni kazi ya bakteria kama Kytococcus sedentarius, ambao vimeng'enya vyao huyeyusha tabaka gumu la unyayo. Ule unga ni ugonjwa mwingine kabisa, fangasi, mara nyingi Trichophyton rubrum. Alikuwa na maradhi mawili yanayotaka dawa mbili, naye akiyaita harufu.

Jirani alimshauri ndimu na chumvi, vikamchoma kwenye nyufa. Kisha akaenda duka la dawa, akanong'ona kwamba ana fangasi za miguuni. Muuzaji hakuomba kuiona miguu yenyewe. Akampa krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali, vyote katika tyubu moja. Siku za mwanzo muwasho ulikoma na wekundu ukafifia, akaamini amepona. Lakini steroidi hutuliza muwasho kwa kuzima kinga ya ngozi, na kinga hiyo ndiyo inayomzuia fangasi asienee. Kila alipoacha kupaka, muwasho ulirudi kwa nguvu zaidi, naye akarudi dukani. Ngozi ikawa nyembamba. Upele ukapanda mpaka kifundoni, bila hata ile duara ambayo watu huitambua kuwa fangasi, maana krimu ilikuwa imeifuta.

Usiku mmoja akiwa kazini alishikwa na homa na kutetemeka. Kufika asubuhi mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi karibu na goti, mwekundu na wa moto. Bakteria walikuwa wameingia kupitia mpasuko wa kati ya vidole. Alilazwa akichomwa sindano za antibiotiki, na aliporudi ghalani alikuta nafasi yake imeshachukuliwa.

Hospitalini ndipo alipokutana na tabibu wa ngozi, mama mtu mzima aliyesomea kazi hiyo Moshi, kwenye kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC.

"Vua na kiatu cha pili, mwanangu."

"Shikamoo mama. Naona haya, miguu yangu inanuka."

"Marahaba. Inanuka kwa sababu inaumwa. Vua. Haya, na viganja nivione."

Kiganja cha kulia kilikuwa kikipukutika unga uleule. Cha kushoto kilikuwa safi. Fangasi wa nyayo mbili na kiganja kimoja, mara nyingi kile cha mkono unaokuna, ni picha ambayo matabibu wa ngozi wanaifahamu vizuri. Alikwangua ngozi kidogo, akaidondoshea hidroksidi ya potasiamu, na kwenye darubini zikaonekana nyuzi za fangasi. Akampima sukari pia, kwa kuwa kwa mwenye kisukari mpasuko mdogo wa unyayo unaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Krimu ya steroidi ilisimamishwa. Alipewa vidonge vya terbinafini vya wiki kadhaa, kwani fangasi aliyejikita kwenye ngozi nene ya unyayo mara nyingi hashindwi kwa krimu peke yake, pamoja na krimu ya antibiotiki kwa ajili ya vishimo. Aliambiwa akaushe kati ya vidole kila anaponawa, avae soksi za pamba na kuzibadilisha katikati ya zamu, na apate jozi ya pili ya buti ili moja ishinde juani. Mkewe, aliyekuwa akishirikiana naye kandambili za bafuni, alikutwa na fangasi pia, akatibiwa. Mwajiri anayempa mlinzi jozi moja ya buti za kuvaa kwa muda wa saa 12 kila usiku ana sehemu yake katika ugonjwa huu, na ni haki kumdai ya pili.

Nawe unayenunua krimu ya miguu, soma boksi kabla hujalipa. Ukiona betamethasone au clobetasol, ambazo ni steroidi, na hakuna mtaalamu aliyeziangalia nyayo zako, iache hapo dukani. Nenda zahanati, vua viatu, na uwaambie wazi kwamba miguu yako inanuka na ngozi inachanika.