Kioo Kisichopiga Hodi

Kiswahili kina neno moja, kioo, na neno hilo limebebeshwa mizigo mingi. Kioo ni kile unachojitazamia asubuhi ukichana nywele. Kioo ni cha dirisha. Kioo cha simu kikipasuka unakimbilia kwa fundi Kariakoo. Na kioo cha televisheni ndicho bibi zetu walichokuwa wakikifunika kitambaa cha kufuma kisiingie vumbi. Siku hizi mafundi wa mitambo wameleta kazi nyingine: kuchukua kilichomo kwenye kioo cha simu na kukiakisi kwenye kioo cha televisheni. Kioo juu ya kioo. Jina wamelipatia kuliko wenyewe walivyodhani. Kioo cha zamani kilikuonyesha wewe kwa nafsi yako, ukiwa peke yako, mlango umefungwa. Hiki kipya kinakuonyesha wewe kwa wengine, na wewe umekaa nao hapo hapo kwenye kochi.

Hebu tuulizane, ndugu msomaji, swali linaloonekana la kitoto. Je, mtu mwema anapaswa kuwa tayari kuakisi simu yake saa yoyote, mbele ya yeyote, bila moyo kumwenda mbio?

Kabla ya kujibu, tuelewane mambo yenyewe yanavyokwenda, maana wengi wanayachanganya. Njia ziko mbili. Katika ya kwanza simu haitumi picha yoyote. Inaipa televisheni anwani tu, nenda kachukue filamu fulani mahali fulani, na televisheni inakwenda kuchota yenyewe kwenye intaneti. Simu inabaki rimoti. Waweza kuitia mfukoni, ukasoma barua zako, wenzako wasione kitu. Ndiyo kazi iliyokipa sifa kile kijiti cha Chromecast kilichotoka mwaka 2013 kwa Dola 35. Njia ya pili ndiyo kuakisi kwenyewe. Simu inanasa kila kinachopita usoni pake, mara nyingi kwa sekunde moja, inakibana, inakirusha hewani, televisheni inakifungua. AirPlay ya Apple ya mwaka 2010 ilianza kuakisi kioo kizima mwaka 2011, na Miracast ikafuata mwaka 2012, yenyewe ikiunganisha simu na televisheni moja kwa moja. Hapa hakuna kinachobaki nyuma: saa, chaji iliyosalia, kidole chako kikitafuta picha na kupita ambazo hukutaka zionekane, na ujumbe unaoteremka kutoka juu bila kuitwa.

Ya kwanza ni kumtuma mtoto dukani. Ya pili ni kuwaingiza wageni chumbani. Lakini picha za harusi wengi wetu tunazo ndani ya simu, basi tunabonyeza kuakisi na kuendelea na soda.

Nisije nikaonekana adui wa maendeleo. Televisheni kwetu ilianza kuwa kitu cha wengi. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, Bara tukangoja mpaka mwaka 1994, na hata ilipofika haikufika kila nyumba. Ilifika kwa jirani mmoja, na mtaa mzima ukafika kwa jirani huyo. Watoto dirishani, akina mama kwenye mkeka, mwenye nyumba akijifanya amechoka kumbe anaona raha. Halafu ikaja simu, kila mtu akainama kwenye kioo chake kidogo, sebule ikawa kama chumba cha kungojea daktari. Kuakisi kumeturudisha kwenye mkeka. Mechi ya Simba na Yanga iliyokuwa ikitazamwa na mtu mmoja aliyejikunyata na simu yake sasa inatazamwa na kumi, tena wanagombana kama inavyotakiwa. Hiyo ni neema, na swali langu ni bei yake.

Niliiona bei hiyo mwaka jana kwenye nyumba moja ya jamaa zangu, Jumapili jioni. Mtoto wa pili wa nyumba alikuwa ameunganisha simu yake, tunaangalia picha za harusi ya dada yake. Kabla ya hapo ndugu walikuwa wamekaa kikao cha kuchangia matibabu ya macho ya bibi, na kijana alikuwa amesema mbele ya wote, kwa adabu, kwamba mwezi huu hana kitu. Tumefika kwenye picha za kukata keki, ujumbe ukateremka. Herufi kubwa kama za bango: amepokea shilingi 640,000. Shangazi mtu akausoma kwa sauti, mpaka senti. Kijana akarukia simu, akaiangusha. Kasheshe! Mama yake hakusema neno. Aliinuka akaenda kutazama chakula jikoni, ingawa chakula kilikwisha kuliwa.

Baada ya siku tatu ikajulikana kwamba fedha zile hazikuwa zake. Ni za upatu wa kazini, yeye ndiye mweka fedha, na zamu ilikuwa ya mwenzake. Zilipita kwake kama maji yanavyopita kwenye bomba. Kioo hakikusema uongo. Kilisema kiasi, hakikusema mwenyewe nani. Nawe ukisimama mbele ya kioo ukainua mkono wa kulia, unajua kitakachokuonyesha.

Lakini kutetea hivyo ni rahisi mno. Ni kuzuga. Tuseme fedha zilikuwa zake kweli, jasho lake, na alidanganya kikaoni. Hapo je? Mjomba mmoja alikuwa na jibu tayari usiku ule ule: kioo kimefanya kazi ya Mungu, kimemwumbua mwongo, mwenye mwenendo safi haogopi simu yake kuonekana. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Wazo hilo lina ukoo mrefu. Katika Jamhuri ya Plato, Glaucon anasimulia kisa cha mchungaji wa Lydia aliyeokota pete: akigeuza kito chake kuelekea kiganjani, anatoweka machoni pa watu. Alipojua hivyo akamchukua malkia, akamwua mfalme, akatwaa nchi. Glaucon anauliza, mpe pete hiyo mtu mwema na mpe mtu mbaya, wataachana wapi? Watu wanatenda haki, anadai, kwa kuwa wanaonekana. Kwa hesabu hiyo simu yenye nywila ndiyo pete yetu, na kuiakisi ni kukigeuza kito kirudi nje.

Naukubali ukali wa swali la Glaucon, ila nakataa kwamba linamhusu kijana wetu. Mchungaji yule alitumia kutoonekana ili aingie kwa watu wengine: chumba cha malkia, kiti cha mfalme. Kijana na simu yake hakuingia popote. Sisi ndio tulioingia.

Hapa pwani, na sasa hata kwetu mijini kwenye vyumba vya kupanga, nyumba ina sehemu zake na kila sehemu ina maneno yake. Barazani watu wanaongea siasa na mpira. Sebuleni unamwambia mgeni kwamba umeshiba. Uani akina mama wanasemana yasiyofika barazani, na chumbani yako yasiyofika hata uani. Nani amewahi kusema mtu huyu ni mnafiki kwa sababu barazani hasemi anayoyasema chumbani? Mtu asiyejua tofauti hiyo tunamwita hana haya. Na kati ya sehemu na sehemu kuna mlango, au pazia tu, na kuna neno: hodi. Unapiga hodi mara tatu; usipoitikiwa unarudi ulikotoka, na hununi. Neno dogo hilo lina falsafa nzima ndani yake. Linakiri kwamba upande wa pili kuna mtu ambaye bado hajawa tayari kuonwa, na kwamba kujiweka tayari ni haki yake, hata kama ndani hakuna ubaya wowote. Pengine anavaa shati tu.

Ujumbe ule haukupiga hodi kwetu, ni kweli. Lakini sisi nasi hatukupiga kwake.

Kwa hiyo kwenye kisa hiki naona madeni mawili, na nyumba ile ilikosea kwa kuyafanya moja. Kama alidanganya, anamdai mama yake ukweli, na alikuwa anamdai tangu kikaoni, kabla kioo hakijawaka. Kioo hakikuliongeza deni hilo wala hakikulilipa. Ukweli ulioanguka wenyewe kutoka mfukoni si ungamo. Deni la pili ni la shangazi: aliona, na kuona hakuzuiliki, macho hayana mlango. Ila kusoma kwa sauti kulikuwa uamuzi. Kwenye daladala iliyojaa, simu ya jirani yako iko sentimita ishirini kutoka puani pako na unageuza uso dirishani, kwa mtu usiyemjua! Iweje mtoto wa kaka yako asipate heshima anayopata abiria wa Mbagala?

Utaniambia ndugu hana siri kwa ndugu. Labda. Mimi naona kinyume chake ndicho kinachowezesha watu sita kuishi vyumba viwili bila kuuana: kila mmoja anajua kiasi fulani cha siri za mwenzake na anajifanya hajui. Hiyo ndiyo sitara, na inatunzwa na anayetazama kuliko anayefichwa.

Basi hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu kwenye sebule ile kulikuwa na mtazamaji mmoja ambaye hatukumhesabu. Februari mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa Dola milioni 2.2 baada ya tume ya serikali ya biashara na jimbo la New Jersey kuishtaki. Walisema televisheni zake milioni 11 zilikuwa zikikusanya habari za kilichoonekana kwenye kioo, sekunde kwa sekunde, bila ridhaa ya wenyewe, iwe picha imetoka kwenye antena, kwenye DVD au kwenye kifaa kilichochomekwa, na habari hizo zikauzwa. Ufundi huo upo kwenye televisheni za makampuni mengi hadi leo. Tofauti ni kwamba sasa unaombwa ubonyeze kukubali siku ya kuinunua, kwenye maandishi marefu, huku familia nzima inakuharakisha uwashe. Shangazi alisoma ujumbe mmoja akanuna siku tatu. Ilimgharimu: hakulala vizuri, alilazimika kurudi kuomba radhi. Mtazamaji huyu mwingine hana uso wa kugeuza. Hanuni, haombi radhi, na hakai kwenye kikao cha macho ya bibi.

Mafundi hawajalala, lazima tuwape haki yao. Televisheni nyingi zinaonyesha tarakimu nne kabla ya kupokea simu ngeni, ambayo ni hodi ya aina yake, ingawa inamlinda mwenye televisheni na si mwenye simu. Hata hodi hiyo haikuwepo kila mahali: Januari mwaka 2019 wadukuzi walipenya hadi kwenye vijiti vya Chromecast katika maelfu ya nyumba, kupitia mitambo ya intaneti iliyoachwa wazi, wakawarushia watu video wasiyoiomba. Android 15, ya mwaka 2024, imeanza kufunika arifa nyeti na nywila za mara moja pale mtu anapoonyesha kioo chake kwa wengine. Mambo swafi. Pazia limetundikwa, na kijana mwingine atapona Jumapili nyingine.

Lakini pazia la mashine linafunika kila kitu kwa kila mtu sawasawa. Halijui kwamba mama alistahili kuambiwa jambo fulani na shangazi hakustahili. Na kadiri linavyofanya kazi vizuri ndivyo sisi kwenye kochi tunavyokosa nafasi ya kugeuza uso kwa hiari yetu, kwa kuwa hakutakuwa na cha kugeukia. Sijui kama hilo ni hasara ya kulilia. Kijana mwenyewe nilipomuuliza alicheka akasema hana haja na adabu ya shangazi yake, anataka pazia.