Kutoa Kabla Moyo Haujaguswa

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa maeneo mawili ya kusini mwa Somalia yameingia katika baa la njaa. Tangazo hilo liliufungua mkono wa dunia. Picha za watoto waliokonda zilijaa kwenye runinga, wafadhili wakaahidi mamilioni ya dola, na nchini Kenya, ambako ukame huohuo ulikuwa ukiangamiza mifugo ya watu wa Turkana na jirani zao, kampeni ya Kenyans for Kenya ilianzishwa mwishoni mwa mwezi huo. Watu walichanga kwa simu, wakiwemo wenye kipato kidogo kabisa, na lengo la shilingi milioni 500 likavukwa. Ulikuwa ukarimu wa kweli, wala hakuna mwenye haki ya kuubeza. Lakini hesabu iliyokuja baadaye inauma. Ilikadiriwa kuwa watu wapatao 258,000 walikufa Somalia kwa janga lile kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, takriban nusu yao wakiwa watoto wasiofikisha miaka 5, na kwamba karibu nusu ya vifo hivyo vilikuwa vimeshatokea kabla ya tangazo la Julai. Maonyo yalikuwa yametolewa tangu mwaka 2010: mvua za vuli zimekosekana, bei ya mtama inapanda, mifugo inakufa. Dunia haikukosa kuambiwa.

Kwa nini basi mikono iliyofunguka Julai ilikuwa imefumbwa Januari? Sidhani kama watu walikuwa wabaya kisha wakawa wema katika muda wa miezi sita. Tumezoea kuamini kwamba kutoa huanza pale moyo unapoguswa, na moyo hauguswi na taarifa ya mvua wala na jedwali la bei za sokoni. Unaguswa na uso wa mtoto. Mtoto akishafikia hali ya kupigwa picha ile, njaa imeishi naye kwa miezi mingi. Wahenga waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walisema kweli kubwa, kwamba hata maskini ana cha kutoa. Hawakusema kwamba moyo ndio upange ratiba. Ninachoshikilia ni hiki: anayetaka kulisaidia shirika linalopambana na njaa alipe kama mtu mwenye deni lenye tarehe, kabla hajaona picha yoyote, na aendelee kulipa picha zikishaondoka. Hilo halikubuniwa na wahasibu wa siku hizi. Dini zetu zimelifundisha tangu zamani, nasi tukaliacha nyuma kwa sababu huruma ya ghafla inatupa raha zaidi.

Tazama zaka. Haimsubiri mwenye mali aone huruma. Mali ya fedha ikifika nisabu, yaani kiwango kinachowajibisha zaka, na ikatimiza mwaka, asilimia 2.5 inatoka, awe amefurahi au amenuna. Kurani, katika sura za Adh-Dhariyat na Al-Maarij, inaitaja sehemu ya mwombaji na aliyenyimwa kuwa ni haki iliyomo ndani ya mali ya mwenye nacho. Kwa hiyo anayeitoa hafanyi ihsani, anarudisha. Zakatul-fitri inalibana jambo hili zaidi. Kila kichwa kinatolewa pishi ya chakula, na itoke kabla ya swala ya Idi. Kwa hadithi iliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas, ikitolewa baada ya swala inahesabiwa kuwa sadaka kama sadaka nyingine. Kiasi ni kilekile, mchele ni uleule, anayepokea ni yuleyule, lakini saa imebadilisha thamani ya tendo. Nadhani ni vigumu kupata fundisho lililo wazi kuliko hilo juu ya uzito wa wakati katika kumlisha mtu.

Upande wa Biblia ushahidi ni wa namna hiyohiyo. Torati iliagiza zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe akiba mijini, ili mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Ghala lilijazwa kabla njaa haijabisha hodi. Katika Matendo ya Mitume, Agabo anatabiri njaa kubwa, na wanafunzi wa Antiokia wanaamua, kila mmoja kwa kadiri alivyofanikiwa, kuwapelekea msaada ndugu wa Uyahudi. Walichokuwa nacho mkononi ni habari tu. Naye Paulo, akiwaandikia Wakorintho kuhusu mchango wa watakatifu, anawaelekeza watenge kitu kila siku ya kwanza ya juma, ili changizo lisingoje afike. Aliwajua binadamu: angeweza kufika, akahubiri kwa machozi na kujaza kapu siku moja. Alichagua mchango mdogo wa kila juma.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwanafalsafa aliyeandika kwa nguvu kuliko wengi juu ya njaa katika nyakati zetu. Peter Singer, katika makala yake ya mwaka 1972 iliyochochewa na mateso ya wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, alitaka tumfikirie mtoto anayezama katika kidimbwi. Ukipita karibu, utaingia umwokoe hata nguo zikichafuka matope. Basi kwa nini umbali wa maili elfu ukuondolee wajibu huo? Hoja yake kuhusu umbali sijaona aliyeijibu vizuri. Lakini mfano wenyewe unatufunza vibaya katika jambo moja: mtoto tayari yuko majini. Anayejifunza wajibu wake kando ya kidimbwi atajifunza kukimbia, na hatajifunza kuuliza nani angejenga uzio. Njaa huja kwa hatua zinazojulikana, na mwenye kuokoa ana miezi, si dakika.

Fikiria mfugaji wa kaskazini mwa Kenya au wa Somalia. Malisho yakikauka, anaanza kwa kuuza mbuzi wachache, naye anauza pamoja na wenzake wote, kwa hiyo bei ya mbuzi inaanguka wakati bei ya unga inapanda. Kisha familia inapunguza mlo mmoja, halafu wa pili. Wanyama waliobaki wanakufa. Fedha kidogo, chakula cha mifugo au maji yakifika katika hatua ya kwanza, familia inavuka ukame ikiwa na ng'ombe wa maziwa. Yakifika katika hatua ya mwisho, mvua itarudi na kumkuta mtu asiye na mnyama hata mmoja, mwenye watoto wanaolishwa kwa vipakiti vya karanga zilizosagwa na maziwa ya unga kwa wiki sita au nane ili waokoke. Hao watakaookoka, wengine watabaki na udumavu ambao chakula cha baadaye hakiufuti. Mwaka 2017 Somalia ilipokabiliwa tena na ukame mkali, misaada ilianza mapema zaidi, sehemu yake ikitumwa kama fedha kwenye simu za wananchi, na baa la njaa halikutangazwa. Mateso yalikuwapo, lakini msiba wa 2011 haukurudi.

Kwa hiyo msaada ulio bora kwa shirika linalopambana na njaa ni ule usiovutia: kiasi kidogo kinachokatwa kila mwezi, kisichofungwa kwa nchi fulani wala kwa janga lililo kwenye habari. Najua pingamizi linalokuja. Fedha zisizofungwa ndizo zinazoliwa na maofisi. Hofu hiyo ina msingi, na yeyote anayetoa ana haki ya kudai hesabu zilizokaguliwa, zilizotangazwa hadharani. Lakini tuangalie gharama za ofisi ni nini hasa. Anayezunguka vijijini na utepe wa kupimia mkono wa mtoto ili ajue utapiamlo umeanza lini analipwa mshahara. Anayefuatilia bei ya mahindi sokoni kila wiki analipwa mshahara. Tukidai kila senti iende kwenye gunia, tunawafukuza kazi walinzi na kubakiza wazima moto. Pingamizi jingine ni kwamba anayetoa mapema huenda akatoa bure: ukame ulioonywa usije, mvua zikanyesha. Ni kweli, itatokea. Wavu uliolipiwa kwa ajili ya mtu asiyeanguka hauwezi kuitwa hasara na yeyote aliyehesabu gharama ya kuchelewa.

Wengine wanahofia kwamba msaada wa kudumu unazalisha uvivu. Nchini Kenya, katika kaunti ya Siaya, watafiti walifuatilia matokeo ya fedha taslimu, takriban dola 1,000 kwa kaya, walizopewa maskini wa kaya zaidi ya 10,000. Fedha zile ziliingia madukani na kwa mafundi, kipato cha majirani wasiopewa kitu nacho kikapanda, na bei hazikupanda ila kidogo sana. Hiyo si tabia ya watu waliokaa kitako kungoja mgao. Kinachodhoofisha, kama kipo, ni msaada unaokuja kwa pupa na kuua soko la mkulima wa jirani. Shirika la CARE lilitambua hilo mwaka 2007 lilipotangaza kuachana na utaratibu wa kupokea nafaka ya serikali ya Marekani na kuiuza katika nchi maskini ili kupata fedha za miradi, ingawa uamuzi huo uligharimu mamilioni ya dola kwa mwaka. Mchangiaji anaweza kuuliza swali hilo kabla hajatoa: chakula kinanunuliwa wapi?

Pingamizi zito kuliko yote, kwangu, ni la anayesema kwamba njaa ya leo inatengenezwa na wenye silaha, na kwamba michango ni kupaka dawa jeraha linalochokolewa kila siku. Somalia ya 2011 inampa ushahidi: Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa limejiondoa sehemu kubwa ya kusini Januari 2010 kwa vitisho na madai ya wanamgambo, na masharti ya Marekani dhidi ya ugaidi yakaongeza woga kwa mashirika. Jibu langu ni kwamba kusaidia shirika si kutoa fedha peke yake. Oxfam ilianza mwaka 1942 kama kamati ya watu wa Oxford waliotaka chakula kipite katika kizuizi cha majeshi ya washirika, nchi yao wenyewe ikiwa mojawapo, ili kiwafikie Wagiriki waliokuwa wakifa njaa. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuisumbua serikali yao katikati ya vita. Mwananchi anayemwuliza mbunge wake kuhusu mpaka uliofungwa au ghala la taifa lililo tupu anafanya kazi ileile. Lakini asiitumie siasa kama kisingizio. Sura ya Yasin inawataja watu walioambiwa watoe katika walichoruzukiwa, wakajibu kwa kuuliza kama wamlishe ambaye Mungu angependa angemlisha mwenyewe. Anayesema tusubiri vita viishe anatofautiana nao kwa maneno tu; mwenye njaa anapata jibu lilelile.

Imebaki huruma yenyewe. Itasemwa kwamba nimeifukuza, na kwamba sadaka isiyo na huruma ni kodi tu. Msamaria katika mfano wa Yesu aliguswa kwanza, ndiyo. Ila watu husahau asubuhi iliyofuata: alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na kumwahidi kwamba gharama itakayozidi angeilipa akirudi. Alijifunga kwa siku ambazo asingekuwapo kuona majeraha. Kamati za misikiti na makanisa yetu zinaweza kufanya vivyo hivyo. Wengi tunatoa zaka Ramadhani na matoleo makubwa Krismasi, huku miezi ya njaa, ile ya ghala tupu kabla ya mavuno, ikifuata kalenda ya mvua isiyojali sikukuu zetu. Na Ramadhani yenyewe inasogea siku kama 11 kila mwaka wa jua. Wanazuoni wengi wanaruhusu zaka itangulizwe kabla mwaka wake haujatimia, na imepokewa kwamba Mtume alimruhusu ami yake Abbas afanye hivyo. Muumini anaweza basi kuigawa zaka yake ya mwaka ujao katika mafungu ya kila mwezi, akaanza kuilipa mwezi huu.