Mkulima Anayelipwa Asilime: Fidia au Ujira?

Mtu akilipwa ili aache kulima shamba lake, malipo hayo tuyaiteje? Ni sadaka, ni fidia, au ni ujira? Huenda msomaji akadhani kwamba swali hili ni la kamusi tu. Sisi twaona ni swali la haki, maana kila neno kati ya hayo lina muda wake na heshima yake. Sadaka hukoma apendapo mtoaji. Fidia hukoma hasara ikiisha kulipwa. Ujira haukomi madhali kazi yaendelea.

Tuchukue mfano wa China. Baada ya mafuriko makubwa ya Mto Yangtze mwaka 1998, serikali ya huko iliyalaumu mashamba ya milimani kwa kumwaga udongo mtoni. Mwaka 1999 ikaanza majaribio katika majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, kisha ikaueneza mpango huo mahali pengi: mashamba ya miteremko mikali yarudishwe kuwa misitu au majani. Mkulima wa bonde la Yangtze aliahidiwa kilo 2,250 za nafaka kwa hekta kila mwaka, na yule wa bonde la Mto Manjano kilo 1,500. Juu yake yuan 300 taslimu, pamoja na gharama ya miche. Kaya zaidi ya milioni 30 ziliingia katika mpango huo.

Tusiseme upesi kwamba walidhulumiwa. Aghalabu mteremko mkali haukuzaa kiasi hicho, tena nafaka ya serikali haikungojea mvua. Mikono iliyoshika jembe ikapata nafasi. Vijana wakaenda mijini kutafuta kazi za ujenzi na viwanda, wakaleta fedha nyumbani. Lakini riziki si hesabu ya magunia peke yake. Kanuni ilitaka sehemu kubwa ya miti iwe ya kuhifadhi udongo, si ya matunda. Katika sehemu nyingi za Shaanxi ya kaskazini ilikatazwa kuchunga mbuzi mlimani, ikabidi wafungwe zizini na kukatiwa majani. Kijana alikuwa na mji wa kukimbilia. Mzee je? Alibakiwa na miti asiyoweza kuila, wala kuikata apendavyo. Na ingawa mpango uliitwa wa hiari, wako wakulima waliowaambia watafiti kwamba hawakuachiwa nafasi ya kuchagua.

Yuko atakayetupinga: kwa nini mtu alipwe kwa kuacha kuharibu? Hoja hii ina uzito, lakini yasahau historia. Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali hiyohiyo ilimhimiza mkulima alime nafaka hata vilimani, naye akatii. Isitoshe, faida ya mlima uliotulia humfikia zaidi aliye bondeni, mwenye nyumba na kiwanda kando ya mto. Mti unamfanyia kazi mtu huyo kila mvua inyeshapo, na aliyeutoa uwanja wake ni mkulima. Kwa hiyo sisi twayaita malipo hayo ujira.

Hapo ndipo muda unapotutatiza. Msitu wa kuhifadhi udongo ulilipiwa miaka 8, miti ya matunda miaka 5, majani miaka 2. Mwaka 2004 nafaka iligeuzwa kuwa fedha, na mwaka 2007 muda ukaongezwa, lakini malipo yakapunguzwa kwa nusu. Je, mti wa miaka 9 hushika udongo nusu ya ule wa miaka 8?

Uganda nayo imeonja jambo lililo karibu na hilo, ingawa pale ilikuwa misitu iliyokwisha kusimama. Katika Hoima na Kibaale, kuanzia mwaka 2011, wenye misitu katika vijiji kadhaa walilipwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka ili wasiikate. Ukataji ulipungua kwa kiasi cha nusu. Jaribio lilikuwa la miaka 2. Fedha zilipokoma, mashoka yakarudia mwendo wake wa kawaida. Wako waliosikitika kwa hilo. Sisi hatukuona ajabu yoyote.

China ilianza awamu ya pili mwaka 2014. Malipo yake yalipangwa kutolewa kwa mafungu matatu, la mwisho likiwa katika mwaka wa 5 tangu kupanda.