Akili Iliyorudi na Haki ya Kuulizwa

Wanazuoni wa fikihi wameafikiana kwamba akili ndiyo msingi wa taklifu, na kwamba mwendawazimu, sawa na mtoto mdogo na aliyelala usingizi, haandikiwi dhambi mpaka fahamu yake imrudie. Wakaihesabu hifadhi ya akili kuwa moja katika makusudio matano ya sheria, pamoja na dini, nafsi, nasaba na mali. Hukumu hii imejaa rehema. Walakini liko swali linalofuata nyuma yake, nalo aghalabu haliulizwi: ikiwa akili imerudi kwa msaada wa kidonge, na taklifu ikarudi pamoja nayo, ni kitu gani kingine kinachopasa kumrudia mja huyu?

Swali hilo lilinijia Biharamulo, barazani, baada ya sala ya laasiri, nikiwa nimeketi na kijana ambaye zamani sauti zisizo na mwenyewe zilikuwa zikimwamrisha usiku atoke akimbilie porini. Alipofikishwa hospitali alipewa klorpromazini, na sauti zikanyamaza. Ila usingizi wa dawa ile ulikuwa mzito hata adhana ya alfajiri ikawa yampita, na kila alipoinuka kutoka sujudi macho yaliingia kiza, akalishika bega la jirani yake safuni asije akaanguka. Wakambadilishia, wakampa haloperidoli. Alfajiri akaipata, lakini miguu ikakosa utulivu: nyuma ya imamu huuinua mguu huu na kuutua ule, mithili ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Siku ile kikombe cha chai kilikuwa kikitetemeka mkononi mwake.

"Sheikh," akaniambia, "ile ya kwanza ilininyima kuamka, na hii yaninyima kusimama. Hakuna aliyeniuliza mimi naweza kubeba lipi."

Dawa hizi tusizibeze. Kabla ya mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kuitumia klorpromazini katika Hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mgonjwa wa skizofrenia hakuwa na tumaini kubwa zaidi ya kuta, kama zile za Mirembe kule Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, au kamba na gogo nyumbani kwao. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958, kutoka maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji. Miligramu 2 zake hukadiriwa kufanya kazi ya miligramu 100 za klorpromazini. Lakini nguvu ya kipimo si ubora wa tiba. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani walizilinganisha klorpromazini, flufenazini na thioridazini na kidonge kisicho na dawa ndani yake, kwa muda wa wiki 6, wakaona kwamba zote tatu zilikishinda kidonge kile kwa mbali, wala hakuna iliyomzidi mwenziwe kwa dhahiri.

Basi maadamu dawa hizi zakaribiana katika kuzituliza sauti, na zatofautiana katika mizigo zinayomtwika mtu, hitilafu yake kubwa haimo katika manufaa bali katika madhila. Na mjuzi wa mzigo ni aliyeubeba. Iangalie flufenazini ya sindano, ambayo watu huiita sindano ya mwezi. Kwa mkulima wa Ngara anayeshuka kutoka vilima vya Rulenge kwa miguu, dawa inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa ni nafuu isiyo na mfano, kwani haimtaki akumbuke kidonge kila jioni. Lakini shingo ikikakamaa au ulimi ukawa mzito, sindano iliyokwisha ingia haitolewi, na hana budi kusubiri mpaka iishe. Ni nani wa kuamua kwamba nafuu ile yaistahiki hatari hii?

Yamkini mtu atasema kwamba mgonjwa wa akili hajui maslahi yake. Ni kweli, wakati maradhi yamemtawala. Na hapo walii wake na daktari humwamulia, kama vile mtoto anavyoamuliwa. Lakini siku tunapomwambia kwamba sasa yu mukallafu, kwamba sala yampasa na deni lake ni dhima juu yake, tumekwisha kiri kwamba anayo akili ya kupima. Kumdai alfajiri na huku hatumshauri juu ya dawa inayomlaza alfajiri ni kumrudishia wajibu tukaizuia haki, na hiyo ni dhuluma, hata ikitendwa kwa huruma.

Kijana yule nilimshauri ayaseme yale yale mbele ya daktari. Akaenda, akayasema, akasikilizwa: kipimo cha haloperidoli kikapunguzwa, akaongezewa kidonge cha benzheksoli cha kulegeza ukakamavu na mtetemeko, akaelezwa wazi kwamba miguu huenda isitulie yote, na kwamba akitaka atarudishiwa klorpromazini. Akachagua kubaki na haloperidoli. Siku hizi husimama mwisho wa safu, karibu na ukuta, apate kuusogeza mguu bila kumsumbua mtu. Na alfajiri, mara nyingi, mimi humkuta amekwisha fika.